Waya Nao Unakula

Bosi wangu wa kwanza alikuwa akinunua waya kwa kuupima uzito. Tukiingia dukani, mwenye duka anateremsha rola, na mzee haangalii hata karatasi iliyobandikwa juu yake. Anaiinua kwa mkono mmoja, anaipandisha na kuishusha mara mbili kama mama anayechagua samaki wa mukeke, kisha anasema, "Hii imekonda," na kuirudisha. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na nikadhani mzee amezidiwa na ushamba. Umeme na kilo, wapi na wapi?

Huo ulikuwa mwaka 1984. Mtaani kwetu kijana aliyeshindwa shule alipelekwa gereji. Mimi baba alinipeleka kwa fundi umeme, kwa hoja kwamba grisi haitoki kwenye kanzu. Kazi yetu ilikuwa ya sherehe: harusi, maulidi, posa, na usiku wa matanga. Umeme uko ukutani mwa nyumba, watu wako chini ya turubai kiwanja cha pili, na sisi tuko katikati na ralonji, yaani waya wa kurefushia umeme. Wenzetu wa Dar na Nairobi wana jina lao. Sisi tuliolelewa na Kifaransa tunasema ralonji, tunachomeka kwenye prizi, na maisha yanaendelea.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwenye harusi. Tulikuwa na ralonji ya gurudumu, mita hamsini, na turubai lilikuwa mita kumi na tano tu kutoka ukutani. Nikavuta mita kumi na tano, zilizobaki nikaziacha zimejiviringisha, gurudumu nikalificha chini ya mkeka ili watoto wasilikwae. Bi harusi hajaingia, nikasikia harufu. Anayejua kazi hii anajua kwamba harufu hutangulia moshi. Nilipofunua mkeka, mita thelathini na tano zilikuwa zimegandana kama mshumaa ulioachwa juani. Ubavuni mwa gurudumu lile palikuwa na namba mbili ambazo sikuwahi kuzisoma: wati 1000 likiwa limeviringishwa, wati 3000 likiwa limekunjuliwa lote. Waya unaopitisha umeme unapata joto. Ukitandazwa, joto linatoka, ukiviringishwa, kila mzunguko unampashia jirani yake. Bosi alinikata mshahara wa wiki tatu. Tangu siku ile, hata kazi ikiwa ya mita tano, ninakunjua lote.

Somo la umbali lenyewe nililipata wakati wa vita. Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, na hadi viliposimamishwa Januari 1999 mafuta yalipimwa kwa chupa. Jenereta moja ililisha nyumba kadhaa. Uani kwetu palikuwa na moja, na nyumba sita zilijipanga nyuma yake, waya ukiruka ua hadi ua, kila mtu taa mbili na redio. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mwanga wa kusomea msahafu. Ya sita ilikuwa na kitu chekundu kama kaa la sigara. Mama wa nyumba ile alikuja kunishtakia mwenye jenereta: tunachanga sawa, mbona anatuibia?

"Mama, hakuna mwizi," nilimwambia. "Waya nao unakula."

Hakuniamini, na simlaumu. Basi nikachukua waya mnene niliokuwa nimeuficha chini ya kitanda, nikaupeleka kwake moja kwa moja bila kupitia kwa wengine. Taa ikawaka nyeupe. Alicheka, kisha akauliza kwa nini nilikuwa nimeuficha. Sikuwa na jibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba moja, kila mita unakataa umeme kwa omu 0.0175. Ukiongeza unene, ukaidi unapungua kwa kiasi hicho hicho. Wanachosahau wateja ni kwamba umeme huenda na kurudi. Mtu akikuambia mita tisini, wewe andika mia na themanini.

Kiangazi cha mwaka 2010 niliitwa ufukweni mwa ziwa, upande wa barabara ya Gatumba. Mume na mke, wazee kidogo, walikuwa wamevuta trela la kulala tangu Afrika Kusini, na walikuwa wanaelekea Rwanda. Trela lilikuwa na kitanda, jiko na friji, na ndani ya friji mlikuwa na insulini ya mama. Friji ilikuwa inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, haipoi. Bwana alikuwa ameunga ralonji tatu za milimita moja na nusu, mita tisini kutoka prizi ya baa hadi majini. Mwisho wake palikuwa na plagi ya buluu yenye vidole vitatu vinene, ile inayojulikana kwenye kambi za Ulaya na isiyojulikana na prizi yoyote ya Bujumbura.

Nikachomoa mita yangu. Prizi ya baa ilikuwa na volti 200, kwa sababu ilikuwa saa moja jioni na mji mzima unapika. Nikamwomba mama awashe birika lake la wati 2000. Kwenye trela zikasomeka 184. Volti kumi na sita zilikuwa zimebaki njiani, zikipasha joto nyasi. Taa huvumilia hali hiyo, ila mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, na ikikosa nguvu wakati huo hukaa ikinguruma mpaka iungue.

"Fundi, ralonji ipi nzuri?" mama aliuliza, kwa Kiswahili alichookota Mombasa.

"Iliyo fupi, mama. Sogezeni trela."

Waligoma. Walikuwa wameendesha gari nchi nne ili waamke wakiona maji, na wakiona milima ya Kongo ng'ambo. Nimeshazoea: mtu hulipia mandhari kwa shaba.

Nikaenda mjini kutafuta waya wa milimita nne. Nilipofika duka la tatu ndipo nilipomkumbuka mzee, bosi wangu wa kwanza. Siku hizi soko limejaa waya wa alumini uliopakwa shaba kama kucha iliyopakwa rangi. Kwa nje ni mwekundu. Ukikwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Unakataa umeme zaidi, na kwenye skrubu hulegea, ukalika na kuungua. Lakini huhitaji kisu. Mita hamsini za ralonji ya nyuzi tatu, milimita mbili na nusu, zina kilo tatu na ushee za shaba peke yake. Ile ya uongo haifiki hata nusu. Niliinua rola mbele ya mwenye duka, nikaipandisha na kuishusha mara mbili, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii imekonda."

Niliporudi na waya mzito, mlinzi wa baa akanizuia nisiutandaze. Viboko hupanda usiku kula majani pale pale, na kiboko hajali ralonji ya mtu. Tukaupitisha juu, kutoka mchikichi hadi mchikichi, juu ya mkono wa mtu mrefu. Mita tisini zikawa mia moja na nne. Birika likawashwa: 193. Friji ikaanza bila kunguruma, na asubuhi chupa ya dawa ilikuwa baridi. Walikaa siku tisa.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye mabaa ya ufukweni, wazee wakikumbushana mafuriko ya 1964, nilikwenda kuangalia. Michikichi yangu miwili ilikuwa imesimama ndani ya maji. Pale lilipoegeshwa trela, wavulana walikuwa wanatupa ndoano kutoka kwenye mtumbwi. Nilipima kwa miguu kutoka ukuta wenye prizi hadi ukingoni: hatua kumi na nane. Kwa umbali huo hata milimita moja na nusu ingetosha.