Butare Mbili na Wiki Sita za Chuo

Wengi bado mnatuulizaga: mlienda kufanya nini Butare? Basi mwezi huu tunawaelezea.

Kwanza jina lenyewe lilituletea shida. Kuna Butare ya Rusizi, ile wilaya iliyokuwa zamani Cyangugu. Hiyo ni sekta ya vilima, upande wa mpaka tulikoingilia. Halafu kuna Butare mji, ambao tangu 2006 unaitwa Huye, ingawa watu bado wanasema Butare. Karatasi ya kutuita kwenye mafunzo iliandikwa "Butare" tu. Mama wa mwenzetu mmoja, ambaye siku zake za kwanza za ukimbizi zilikuwa Rusizi, akashtuka: "Wanangu, huko si ndiko mpakani? Mnarudishwa Kongo?" Hakulala usiku ule. Asubuhi alitusindikiza mpaka hapa chini barabarani, aone kwa macho yake gari linaelekea wapi. Lilipochukua njia ya Huye, si ya msitu wa Nyungwe, akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyumbani.

Tulikuwa walimu wa kujitolea wanne, wote tumemaliza sekondari tu. Chuo kilitupokea wiki sita bila kulipa, kwa mapatano: asubuhi darasani, mchana kazi. Wawili jikoni, wawili maktaba, kila wiki tunabadilishana. Tulimenya viazi mpaka vidole vikawa vyeusi. Kule maktaba tulipangusa vitabu, lakini ukipangusa unafungua, na ukifungua unasoma. Siku moja mtunza maktaba alitukuta tumesimama na vitabu mkononi, kitambaa kimeanguka chini. Tulifikiri tutafukuzwa. Kumbe alienda kutuletea kiti.

Shida kubwa ilikuwa lugha. Sisi kule Kongo tulisoma kwa Kifaransa, na huku Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Mkufunzi akiuliza swali, sote tunaangalia madaftari. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alifunga begi lake, akasema: "Kambini mimi ni mwalimu, hapa nimekuwa mtoto." Mpishi, mama mmoja aliyejua Kiswahili cha Bukavu vizuri, akamwambia: "Mwanangu, maliza kwanza hivi viazi."

Alimaliza viazi, na begi likafunguliwa. Toka siku ile mama yule alitufundisha kwa namna yake. Kabla ya kupewa chakula, kila mtu ataje kitu kimoja cha jikoni kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kiingereza. Sufuria, chumvi, kuni, moshi. Ukikosa, unaenda mwisho wa mstari. Tulicheka sana, na wiki ya nne tulikuwa tunanyanyua mkono darasani bila haya.

Jumapili tulipanda kilima cha Ruhande kuona Chuo Kikuu. Kilianza 1963 na padri wa Kanada, Georges-Henri Lévesque, wanafunzi wakiwa 51 tu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walimu na wanafunzi wengi waliuawa na chuo kikafungwa. Mwaka 1995 kilifungua milango tena. Tulisimama kimya penye ukumbusho. Baadaye tulitembea katika msitu wa miti iliyoanza kupandwa miaka ya 1930, mikaratusi na mingine mingi iliyoletwa kutoka nchi za mbali. Mwenzetu aliyekuwa amefunga begi akasema polepole: "Ikiwa hapa walirudi darasani baada ya mwaka mmoja, mimi nilitaka kukimbia Kiingereza?"

Tulirudi Kigeme na cheti kidogo na ule mchezo wa jikoni. Sasa katika madarasa yetu watoto wanataja vitu vya nyumbani kwa lugha tatu. Mtoto anayejua Kiswahili tu hajifichi tena nyuma ya wenzake, maana siku ya Kiswahili yeye ndiye mwalimu.

Sisi wanne bado hatuna shahada, lakini njia zipo. Mpango wa DAFI umesaidia wakimbizi kusoma chuo kikuu tangu 1992, na kambi ya Kiziba, mwaka 2015, vijana walianza masomo ya shahada hukohuko kambini. Lakini bila cheti cha sekondari huwezi hata kugonga mlango. Wazazi, msimtoe mtoto shuleni akibakiza mwaka mmoja, na hasa msichana. Kijana, kauliza ofisini mapema.

Na yule mama aliyetusindikiza? Siku hizi akisikia kijana ameitwa masomoni, ni yeye wa kwanza kuuliza: "Butare ipi?" Halafu anacheka, anamsaidia kubeba begi.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.