Sikukuu inapokukuta njiani



Kila sikukuu inapokaribia, swali la mji wetu wa Kindu huwa moja: nitafika? Binti aliyeolewa Kongolo anahesabu siku. Mama aliyeshuka Ubundu na mzigo wa sabuni na chumvi naye anahesabu. Noeli, Idi, Pasaka, Bonane: kwetu sikukuu ni kufika. Asiyefika anaonekana kama hawapendi wenzake, na maneno ya mawifi tunayajua.

Juma hili tuzungumze juu ya sikukuu inayofanyika njiani. Nitaanza mbali kidogo, kwa Wayahudi, kwa sababu wao wanayo sikukuu iliyotungwa kwa ajili ya watu wa safari. Wanaosoma Biblia wanaijua kwa jina la Sikukuu ya Vibanda. Huangukia mwezi wa Septemba au Oktoba, na huchukua siku saba. Kila jamaa hujenga kibanda nje ya nyumba na kukiezeka kwa matawi, si kwa mabati. Matawi yanatoa kivuli, lakini usiku nyota huonekana katikati yake. Humo wanakula, na wengi wanalala humo. Wanakumbuka babu zao waliotoka Misri na kukaa jangwani miaka 40 bila nyumba ya kudumu. Hata mkate wa Pasaka yao hauna chachu kwa sababu hiyo hiyo ya safari: watu waliondoka haraka, unga haukupata muda wa kuumuka.

Sasa, mtu aliye safarini afanye nini na kibanda? Wakubwa wao wa dini waliliuliza jambo hilo zamani sana. Katika Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa karibu mwaka 200, imeandikwa kwamba kibanda kilichojengwa juu ya gari la kukokotwa, au juu ya merikebu, ni kibanda halali. Na msafiri anayetembea mchana hadaiwi kukaa kibandani mchana huo. Anadaiwa usiku, akisimama.

Hawakukubaliana kwa urahisi. Walimu wawili, Gamaliel na Akiva, walikuwa pamoja katika merikebu siku hizo za sikukuu. Gamaliel huyu alikuwa mjukuu wa yule Gamaliel aliyemfundisha Mtume Paulo. Yeye alisema kibanda cha juu ya maji si kibanda. Akiva akajenga chake juu ya merikebu. Kesho yake upepo ukakivunja na kukichukua. Gamaliel akamwuliza: Akiva, kibanda chako kiko wapi? Hata hivyo sheria ilibaki upande wa Akiva. Wakubwa walisema kibanda kinatakiwa kuvumilia upepo wa kawaida wa nchi kavu; upepo wa bahari ni mkali kupita huo, na mtu halaumiwi kwa ajili yake. Leo huko Marekani wapo Wayahudi wanaosafiri na motokari kubwa zenye vitanda na jiko ndani. Sikukuu ikiwakuta, wanasimama mahali, wanajenga kibanda kando ya motokari, na wanaalika walio karibu.

Msidhani mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Reli yetu inafika mpaka Lubumbashi, na kule iko sinagogi ya Wayahudi, iliyojengwa mwaka 1930 wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville. Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Rabi wao Moïse Levy alifika mwaka 1937 na alikaa nao mpaka 1991. Watu waliovuka bahari kuja Katanga walibeba sikukuu zao pamoja na masanduku yao.

Na sisi wa Maniema, nyumba yetu ya magurudumu ni gari moshi. Kampuni iliyojenga reli hii iliundwa mwaka 1902, kwa sababu Lualaba haikubali kupitwa yote kwa mashua: kuna maporomoko kabla ya Kisangani, na kuna yale ya Kongolo yaitwayo Mlango wa Jehanamu. Kwa hiyo tunapanda maji pale yanapokubali, kati ya Ubundu na Kindu, na tunapanda reli pale yanapokataa. Kipande cha Kindu mpaka Kongolo ni kilometa 355, na mwaka 1911 gari lilikuwa linafika. Mwaka 1915 reli ikafika Kalemie kwenye ziwa, na mwaka 1956 kipande cha Kabalo mpaka Kamina kikatuunganisha na Katanga yote.

Aliyepanda anajua maisha ya mle ndani. Siku ya kwanza mnaangaliana. Siku ya pili mnaazimana kisu na chumvi. Siku ya tatu mtoto wa jirani analala mapajani mwako, na unajua jina la bibi yake. Gari likisimama, mbabula zinashushwa chini, makala yanawashwa, na wamama wa kijijini wanakuja na ndizi, kwanga na samaki wa kukaushwa. Ni kijiji kinachotembea.

Mimi Idi imewahi kunikuta humo, kati ya Kindu na Kongolo. Nilikuwa nakwenda kwa mama mkwe, na mahesabu yangu yalikuwa nifike siku mbili kabla ya sikukuu. Magharibi gari lilikuwa limesimama katikati ya majani marefu. Mzee mmoja wa Kasongo aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya behewa alinyosha mkono, na sote tukauona mwezi, mwembamba kama ukucha. Wengine walipiga vigelegele. Mimi nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshona nguo za watoto za kuvaa huko tuendako.

Yule mzee akatuuliza jambo moja tu: nani humu hana chakula cha kesho? Alikuwapo mama mwenye watoto wawili. Siku za njia zilikuwa zimemaliza unga wake. Ndipo tukapima mchele kwa kopo, kila mmoja kwa hesabu ya watu wake, tukampa zaka ya fitri kabla ya sala, kama inavyotakiwa. Sijawahi kutoa zaka na kuiona ikipikwa mbele ya macho yangu namna ile. Asubuhi tuliogesha watoto kwa maji ya dumu, tukawavalisha nguo zao mpya, na tukasali juu ya vitenge vilivyotandikwa kando ya reli. Mama mmoja Mkristo wa Kabalo alitushikia watoto wakati wa sala, kisha akatoa mawese na pilipili yake. Wali ulipikwa katika sufuria tatu, na behewa zima lilikula.

Nilifika kwa mama mkwe sikukuu imekwisha. Hakuuliza kwa nini. Aliingia jikoni akatoa kipande cha nyama alichokuwa amekikausha juu ya moto kwa ajili yangu, akasema: kula, Idi yako ilikuwa inakungoja.

Ninawaambieni haya kwa sababu kuna jambo zito. Mnajua jinsi watu wanavyokimbilia balenyeri za mbao siku za mwisho kabla ya sikukuu. Chombo kimeshajaa, mizigo imefika juu, jua linazama, na bado mama anasukuma watoto wake waingie, kwa sababu kesho ni Noeli. Tarehe 20 Desemba 2024, katika mto Busira, mkoa wa Équateur, chombo kilizama kikiwa kimejaa watu waliokuwa wakirudi kwao kwa Noeli. Watu 38 walihesabiwa kuwa wamekufa, na wengine zaidi ya mia moja hawakuonekana. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemngoja na sahani.

Mungu hakuifanya sikukuu iwe kamba ya kutuvuta majini usiku. Dini zetu zenyewe zinamhurumia msafiri. Mwislamu aliye safarini anaruhusiwa kufungua na kulipa siku zake baadaye, na sala ya rakaa nne anaisali rakaa mbili. Wayahudi walimruhusu msafiri wao kuacha kibanda mchana. Kama wakubwa wa dini wamelegeza, sisi mawifi na wakwe tunakaza kwa amri ya nani?

Basi, mama mwenye safari, kabla ya siku kubwa funga kifurushi kidogo cha sikukuu na usikiguse njiani: kopo chache za mchele, mawese katika chupa, chumvi, sabuni, nguo safi ya kila mtoto. Weka na kopo la ziada, kwa sababu hujui nani atakaa karibu nawe. Chombo kikijaa, rudi ukingoni ulale kwa mwenyeji. Giza likiingia, usipande. Tuma habari nyumbani kwamba uko salama na kwamba utakula sikukuu pale ulipo.

Na mama unayengoja, wewe ndiwe mwenye nguvu zaidi. Mpigie simu binti yako au mke wa mwanao leo, kabla hajatoka, umwambie kwa mdomo wako: usikimbie, sehemu yako nitaiweka. Neno hilo linaweza kumshusha mtu kutoka balenyeri iliyojaa. Kisha kata nyama yake, itie chumvi, itundike juu ya moto. Hata akifika siku tatu baadaye, ataikuta.