Kalemie, tukingoja piesi za baiskeli

Juma hili tunatembea Kalemie, kutoka bandarini mpaka kwa mafundi wa baiskeli. Habari moja inazunguka sokoni: wafanyabiashara wametangaza kwamba piesi mpya za baiskeli zitafika. Wanasema ni magurudumu ya chuma kinene, minyororo na mipira ya kubeba mizigo. Tumepita madukani, duka kwa duka, na jibu ni moja: ngojeni.

Pengine mtauliza, habari ya baiskeli inatuhusu nini sisi wamama? Inatuhusu sana. Unga wa mihogo, makala na mawese tunayouza hutoka vijijini juu ya baiskeli. Anayeisukuma ni bwana au kijana wetu, lakini gunia ni chakula cha nyumba nzima. Mnyororo ukikatika, gunia linalala njiani, na asubuhi meza ya sokoni inabaki tupu. Tena, mahali gari halifiki, mama mwenye uchungu wa kuzaa hupelekwa kituo cha afya juu ya baiskeli hiyo hiyo.

Tukisimama bandarini tunaelewa kwa nini kungoja kunakuwa kurefu. Piesi nyingi zinatengenezwa China na India. Zile zinazopita njia ya mashariki zinashushwa Dar es Salaam, halafu zinasafiri kwa treni au lori mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200. Kutoka Kigoma zinavuka ziwa Tanganyika, karibu kilomita 130, mpaka hapa. Baadaye kuna duane, kuna wabebaji, ndipo duka. Kila mahali mzigo unaweza kulala. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaamsha mawimbi, na boti ndogo zinakaa pwani. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mpaka yakaingia katika mitaa ya Kalemie na ya Uvira.

Ziwa letu limezoea vitu vinavyofika vipande vipande. Meli Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikafungwa katika masanduku, ikasafiri baharini, halafu kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Huko mafundi waliiunga tena, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Mwaka huo huo reli ya upande wetu, kutoka Kabalo, ilifika hapa Kalemie. Basi wenzetu wa Nyunzu, Kabalo na Kongolo wanangoja kuliko sisi, maana mzigo ukifika hapa, kwao bado safari.

Tulikaa pia chini ya mti pamoja na mafundi. Walitufundisha jambo ambalo tangazo halisemi: piesi mpya inaweza kuwa nzuri na isiingie katika baiskeli yako. Baiskeli zetu nyingi za zamani zina matundu 32 kwenye gurudumu la mbele na 40 kwenye la nyuma, mahali vijiti vya chuma vinapoingia. Baiskeli nyingi za vijana, zile za vitesi, zina 36 mbele na nyuma. Mpira wenye namba 26 hauvai gurudumu la 28. Na mnyororo mwembamba wa baiskeli ya vitesi haukai vizuri juu ya meno mapana ya baiskeli ya mzigo. Mama aliyetumwa dukani akiwa na pesa tu anaweza kurudi na kitu kisichofaa, pesa zimekwisha.

Kuna na uchungu mwingine. Mwenzetu mmoja alitoa dola mbele kwa mfanyabiashara fulani, sababu piesi zilikuwa zimetangazwa. Mvua ilikuja, ikapita, na mpaka leo hajapata piesi wala pesa. Pesa hiyo ilikuwa ya shule ya watoto.

Kwa hiyo katika mkutano wetu tulipatana mambo haya. Tangazo si mzigo: hatutoi pesa kabla ya kuona piesi kwa macho na kuigusa. Katika likelemba yetu tunaweka kando kidogo kila juma, kwa baiskeli peke yake, ili boti ikifika tusikope. Tunaenda dukani wawili au watatu pamoja, na piesi ya zamani mkononi, tuilinganishe na mpya. Na wakati wa kungoja tunatunza ile tuliyo nayo: kupangusa mchanga kwenye mnyororo, kuupaka mafuta ya mashine, kupeleka gurudumu kwa fundi mara kijiti kimoja kinapokatika, maana kimoja kikikatika, vingine vinabeba mzigo wake. Mnyororo uliochakaa unakula meno. Ukichelewa kuubadilisha, utanunua na meno.

Leo jioni, kabla ya giza, hesabuni matundu ya magurudumu yenu, la mbele na la nyuma. Someni na namba iliyo ubavuni mwa mpira. Ziandikeni kwenye kikaratasi, mkifunge katika kitambaa pamoja na pesa ya akiba. Siku tutakaposikia kwamba masanduku yamefunguliwa, tutakuwa tunajua la kuomba.