Usitupe Laini Yote, Badilisha Ncha

Wasee, leo stori ni ya samaki. Kaeni kidogo, mtaona kwa nini naileta hapa.

Mwezi wa saba nilienda nyumbani Nyeri nikiwa nimebeba vitu viwili: simu ya kupigia vidio na aibu. Simu mnaijua. Aibu ni hii: niliacha chuo mwaka wa pili, baada ya semesta tatu, na nikatangaza kwa vidio kabla sijamwambia baba yangu. Mzee aliona kwa simu ya jirani. Tangu siku hiyo tukawa watu wa "umeamka?" "nimeamka," halafu kila mtu na kikombe chake cha chai.

Mpango wangu ulikuwa kupiga vidio ya kuvua trauti kwenye mto Gura. Vijana wengi wa Nairobi hawajui hata kama tuko na trauti. Samaki hawa hawakuwa wa huku. Mwaka wa 1905 mlowezi aitwaye Ewart Grogan aliwaleta kutoka Uskochi wakawekwa Gura, kwa sababu maji yanayoshuka kutoka Aberdare ni baridi, na trauti anapenda baridi. Mpaka leo serikali ina kituo cha kuzalisha trauti pale Kiganjo.

Mzee akiwa kijana alikuwa anabebea wageni mizigo wakienda kuvua. Mmoja alimwachia ufito, rili na laini yake. Laini ya kuvulia, si ya simu. Vitu hivyo vimekaa juu ya dari miaka yote nikivijua kama vitu vya kutoguswa. Nilipoomba, alivishusha bila kusema kitu. Akavaa gambuti, akachukua leseni yake ya kuvua, akatangulia.

Hebu niwaeleze hii kitu inavyofanya kazi. Unavua kwa nzi bandia, yaani manyoya na nyuzi zilizofungwa kwa ndoano ndogo. Haina uzito wowote. Huwezi kuirusha kama jiwe. Kinachorushwa ni laini yenyewe, ambayo ni nene na nzito, na nzi anafuata tu. Laini yetu ilikuwa ya kuelea. Inakaa juu ya maji, unaiona, unaiinua kirahisi.

Shida ni kwamba mto ulikuwa umejaa na baridi ilikuwa ile ya Julai, ya kukufanya uongee na meno. Maji yakiwa hivyo, samaki hawaji juu. Wanajibanza chini, nyuma ya mawe, kwa sababu huko mkondo umepungua nguvu na hawachoki. Nzi wetu alikuwa anapita juu ya vichwa vyao kama matatu isiyosimama kwa stage. Siku mbili nzima, hakuna hata mguso.

Usiku nikaingia mtandaoni. Nikapata kwamba kuna laini za kuzama, yaani zinazozama zote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bei pamoja na kusafirisha ilikuwa kubwa kuliko nilichopata kwa vidio mwezi mzima. Asubuhi nikamwambia mzee hii laini ni ya zamani, tuitupe, nitakopa ninunue nyingine.

Akaniangalia. "Wewe mami, kila kitu kikikushinda unatupa?"

Nilijua haongei kuhusu laini. Nilinyamaza.

Akaenda kwa debe lake la vyuma akarudi na kipande cha uzi wenye risasi ndani, ile waya laini ya risasi iliyovikwa nyuzi, kitu kingine alichoachiwa na wale wageni. Akasema, "Laini haina shida. Ni ncha."

Basi tukatengeneza ncha ya kuzama. Kama uko na laini ya kuelea na ungependa kujaribu, ni hivi. Unakata kipande, unavuta kile cha risasi kitoke inchi kadhaa kila upande, halafu ile ganda la nyuzi linalobaki tupu unalifunga kitanzi. Tumia mkasi au koleo. Usiume na meno, risasi ni sumu, na ukimaliza nawa mikono. Mwisho wa laini yetu mzee alikuwa ameshaweka kitanzi cha nailoni zamani. Unapitisha kitanzi ndani ya kitanzi, unavuta mpaka vikae kama watu wawili walioshikana mikono. Kikikaa upande mmoja, fungua uanze tena, la sivyo kimoja kitamkata mwenzake. Dukani kuna ncha zilizo tayari, nyingine zimetiwa tungsteni, na huandikwa zinazama inchi ngapi kwa sekunde. Bado ni nafuu kuliko laini nzima.

Sasa hapa ndipo mimi nilikuwa na kitu cha kusema. Mzee alikata futi kumi. Nilipojaribu kurusha, laini ilikunjika katikati na ile ncha ikaanguka majini kama tofali. Usiku nilikuwa nimesoma kwamba ncha lazima ilingane na ufito, na wetu ulikuwa mwepesi, namba tano. Nikamwambia tupunguze. Alisita, halafu akakata ikabaki futi tano.

Ikarushika. Lakini bado hakuna samaki. Tulikuwa tumeacha ule uzi mwembamba wa mwisho, unaoshika nzi, na urefu wake wa kawaida wa futi tisa. Ncha inazama, sawa, lakini uzi mrefu unamwacha nzi akipanda juu tena. Nikaufupisha hadi futi tatu. Mzee alicheka kidogo puani. Kicheko cha kwanza tangu ile vidio.

Yeye naye akanifundisha kurusha upya, kwa sababu nilikuwa nachapa kama nafukuza ng'ombe. Ukiwa na ncha nzito unaenda polepole, unafungua mkono, mara moja nyuma, mara moja mbele. Kabla ya kurusha tena, kwanza ilete ncha juu ya maji kwa kuiviringisha mbele, maana ukiivuta ikiwa chini unaweza kuvunja ufito. Na nzi akishatua, inua ile sehemu inayoelea uilaze upande wa juu wa mto. Hapo ndipo nilielewa kwa nini laini ya kuelea haikustahili kutupwa. Ingezama yote, mkondo ungeishika na nisingekuwa na la kufanya. Sehemu inayoelea ndiyo inayokuruhusu kuongoza ile iliyozama, na kuipa muda wa kufika chini.

Saa tisa hivi laini ilisimama ghafla. Nilidhani ni jiwe. Jiwe likatingisha kichwa.

Alikuwa trauti mdogo, madoa mgongoni, baridi kama kioo asubuhi. Nilimshika sekunde chache nikamrudisha. Simu ilikuwa kwa begi. Sikurekodi chochote, na ndiyo maana mnasoma badala ya kutazama.

Tukirudi, mzee akaniuliza kitu bila kunigeukia. "Zile yuniti ulizopita huko chuo, zilifutwa?"

Nikasema sijui.

"Hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Semesta tatu, ng'ombe mmoja aliyeuzwa, na sikuwahi kuuliza ni nini bado ni changu. Niliona kozi inanishinda nikahesabu kila kitu kuwa hasara. Na hapa mtandaoni tunapenda hiyo lugha sana. Anza upya. Futa wote. Choma daraja. Mimi mwenyewe nimewaambia hivyo, na mkanipa laiki.

Sisemi mrudi shule. Mimi bado sijaamua, na kontenti siachi. Ninachosema ni kwamba kuna wakati shida yako yote iko kwa futi tano za mwisho, na wewe uko tayari kukopa pesa utupe futi tisini zilizo sawa. Kabla hujatupa, shika kila sehemu uulize: hii imeharibika, ama haijafika tu mahali samaki walipo?

Wiki iliyopita nilituma ombi la matokeo yangu ya zile semesta tatu. Nangoja majibu. Mzee alipiga simu jana, yeye mwenyewe. Aliuliza kama nimekula, halafu akasema mto umepungua, kwa hivyo ile ncha tunaweza kuitoa.

Nikamwambia asiitupe.

Akasema, "Nani ametupa? Iko kwa debe."