Mtoto Asomaye kwa Vidole

Sisi tufundishao katika nchi ya Ugogo tuna neno moja tulionalo haya. Siku moja mzee alituletea mjukuu wake wa kike, aliyepofushwa na surua, akasema, "Mwalimu, huyu naye asome." Tukamjibu, "Babu, atasomaje naye haoni ubao?" Yule mzee akamshika mtoto mkono, wakarudi kwao. Tulidhani tumesema kweli. Kumbe tulinena tusilolijua.

Na si mbali, huko Buigiri, shule ya wasioona ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Watoto husoma kwa kupapasa nukta sita zilizobuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka angali mdogo.

Huenda msomaji akauliza: ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, ipokeayo habari za macho, hukaa bure macho yakifa? Wataalamu nao waliuliza hivyo. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake, huko Marekani, walipima mwendo wa damu katika ubongo wa watu wasioona tangu utoto, maana sehemu ifanyayo kazi huvuta damu zaidi. Watu wale walipopapasa nukta, sehemu ya kuonea nayo ilikuwa kazini. Mwaka 1997 Leonardo Cohen na wenzake wakaivuruga kidogo sehemu ile kwa nguvu ya sumaku kutoka nje ya kichwa. Mara wasomaji wakakosea herufi. Ndipo ilipojulikana ya kuwa sehemu ile yasaidia kusoma kweli.

Ni kama shamba ambalo mwenyewe amehama: jirani huingia akapanda uwele wake. Walakini kilimo kina majira. Mwaka 1999 Cohen na wenzake walionyesha kwamba waliopofuka baada ya miaka 14 hivi hawakuwa na badiliko lile. Mtu mzima naye aweza kujifunza nukta, ila ubongo wa mtoto ndio ugeukao kwa wepesi.

Baadaye tulimtafuta yule mzee. Tukaambiwa amehama na ng'ombe wake, wala hakuna ajuaye alikokwenda. Mtoto wake tungali twamkumbuka.

Basi, walimu wenzetu, akiletwa mwingine mlangoni, tusiulize atauonaje ubao. Tuulize ana miaka mingapi, kisha tumwonyeshe babu yake njia ya Buigiri siku iyo hiyo.