Kiatu Hupimwa kwa Mguu Uliopo

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twaweza kusema vilevile juu ya kiatu: usichokivaa hujui mahali kinapobana. Mtu akipita njiani na viatu vinavyong'aa, watu husifu ngozi na rangi yake. Lakini mwenye mguu ndani ndiye ajuaye kama anakwenda kwa raha au kwa mateso. Leo twapenda kuwaelezea kiatu kimoja kisichoonekana katika masoko ya Bukavu, ya Kalemie wala ya Lubumbashi, lakini kimetufikirisha mengi juu ya malezi ya watoto: ni kiatu cha kuchezea hoki juu ya barafu.

Sisi mwandishi wa habari hizi tulizaliwa Kivu, tukasomeshwa na misioni, tukapita seminari, kisha tukawa mwalimu. Sasa ni miaka kadhaa twakaa Montréal, nchini Kanada, pamoja na jamaa yetu. Kwetu barafu hukaa mbali, juu ya milima ya Ruwenzori, penye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Watu wa Beni na Mutwanga huitazama siku mawingu yakifunguka, na hata huko inazidi kupungua mwaka kwa mwaka. Kanada ni kinyume: wakati wa baridi barafu hufika mpaka mlangoni. Maziwa huganda, mito huganda, na katika bustani za mji wafanyakazi humwaga maji chini ili usiku yagande na asubuhi watoto wapate uwanja.

Juu ya uwanja huo huchezwa hoki. Kila upande una watu sita pamoja na kipa, wenye magongo mikononi, nao hugombania kisahani cha mpira mgumu. Mnamo tarehe 3 Machi 1875, katika mji huuhuu wa Montréal, ilichezwa mechi ya kwanza ya namna hii chini ya paa ambayo habari zake zimehifadhiwa. Na mwaka 1994 sheria ya nchi ilitangaza hoki kuwa mchezo wa taifa wa majira ya baridi. Basi, mtoto anayekulia huko na asiyejua kuteleza juu ya barafu ni kama mtoto wa Kivu anayekaa ukingoni mwa ziwa bila kujua kuogelea.

Tufahamu kwanza kiatu chenyewe. Juu ni buti gumu linalofunika kifundo cha mguu. Chini ya soli yake umekazwa ubapa wa chuma wenye unene wa milimita tatu tu, au karibu hivyo. Mwili wote wa mchezaji, mbio zake, kugeuka kwake na kusimama kwake ghafula, vyote vimeegemea ukanda huo mwembamba. Mguu ukicheza ndani ya buti, mtoto husukuma na nguvu zake hupotea njiani kabla ya kufika kwenye chuma. Kifundo hulala upande, kisigino hupanda na kushuka, ngozi huchubuka. Na buti likibana kupita kiasi, damu haipiti vizuri, vidole hufa ganzi, na baridi huingia upesi.

Kwetu, kiatu cha Komunyo ya kwanza hununuliwa kikubwa. Hujazwa karatasi mbele ili kimfae mtoto miaka miwili, kisha hurithiwa na mdogo wake. Hatuwacheki wazazi wetu. Desturi hiyo ilizaliwa na umaskini na busara, na kiatu cha kutembelea husamehe. Lakini barafu haisamehi. Kiatu chake chataka mguu uliopo leo, si mguu utakaokuja mwakani.

Jambo hilo lajulikana tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Brandon, jimbo la Manitoba, alikuwako fundi viatu jina lake George Tackaberry. Mchezaji wa hoki Joe Hall alimlalamikia kwamba viatu vyake haviwezi kumaliza msimu mmoja. Fundi akamshonea vingine, vya kumfaa yeye na mchezo wake, na sifa yake ikaenea hata wachezaji wa miji ya mbali wakaagiza kwake. Baada ya kifo chake, jina la viatu vyake lilinunuliwa na kampuni ya CCM mwaka 1937. Katika jimbo lilelile, mjini Winnipeg, fundi mwingine jina lake Scott Van Horne alianza na viatu vya mashindano ya mbio za barafu, kisha akatengeneza vya hoki kwa kufuata umbo la mguu wa kila mtu. Mwaka 2016 kazi yake iliingia katika kampuni ya True. Mambo yamebadilika: zamani uzi na ngozi, leo mashine inayopiga picha ya mguu pande zote. Lakini swali ni lilelile: mguu huu ni wa nani, nao ukoje?

Kijana wetu, kifungua mimba, alipotimiza miaka 12 alipokewa katika timu ya mtaa. Viatu vya kuazima havikumtosha tena. Vile vya juu kabisa hupita dola 1,000 za Kanada, na mshahara wa mwalimu hauzijui fedha hizo. Tukaenda naye kwa fundi mzee mwenye duka dogo, mtu wa maneno machache.

Mzee huyo hakumwuliza mtoto anavaa namba gani. Alimvua soksi nene, akampa nyembamba moja tu, akamsimamisha juu ya kibao cha kupimia, uzito ukiwa juu ya miguu yote miwili. Alipima urefu, kisha upana, kisha akatazama kimo cha mgongo wa mguu na umbo la kisigino. Ilionekana mguu wa kulia wapita wa kushoto kidogo, naye akafuata ule mkubwa. Kisha akaleta viatu vyenye namba iliyo chini kuliko ya viatu vya shule. Maana katika viatu vya hoki namba hushuka kwa kawaida moja au moja na nusu. Mzazi asiyelijua hilo hudhani anadanganywa.

Hivi ndivyo alivyojaribu. Kwanza kamba zikiwa zimelegezwa, mtoto alisukuma mguu mbele mpaka vidole vikagusa. Nyuma ya kisigino pakabaki nafasi ya kidole kimoja chembamba. Nafasi hiyo ndogo ndiyo posho ya kukua, wala isizidi. Halafu alipiga kisigino nyuma, akafungwa kamba, akasimama wima: vidole vyapasa kugusa mbele kwa wepesi tu. Akikunja magoti kama mchezaji, vidole hurudi nyuma kidogo na kisigino hukaa mahali pake. Mwisho, kamba zikifunguliwa tena, fundi aliweka kalamu ya risasi kukingama matundu ya juu ya kamba. Kama kalamu inagusa mgongo wa mguu, buti halina kina cha kutosha, hata urefu ukiwa sawa.

Ndipo akamwuliza kijana wetu: «Je, inabana?»

Mtoto akajibu upesi: «Hapana, Bwana.»

Mzee hakutosheka. Alimwambia: «Usiniambie ndiyo wala hapana. Niwekee kidole mahali unapokisikia kiatu.»

Mtoto akakaa kimya. Kisha, polepole, akaweka kidole upande wa ndani wa mguu wa kulia, chini ya kifundo, pale penye mfupa uliotokeza. Fundi akapatia alama ya chaki, bila kumlaumu.

Tulipokuwa tunangoja, tulimwuliza kwa lugha yetu: «Mwanangu, mbona ulisema haibani?» Akainamisha kichwa, akasema: «Baba, nilisikia usiku mkihesabu fedha na mama. Niliogopa nikisema inauma, mtaambiwa mnunue vya bei kubwa zaidi.»

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yalitugusa kuliko bei yoyote. Tulimjibu: «Fedha ni kazi yetu. Kusemea mguu wako ni kazi yako, wala hapana mwingine awezaye kukusaidia kazi hiyo.»

Kumbe hapakuwa na haja ya viatu vingine. Viatu vingi vya siku hizi hutengenezwa kwa vitu vinavyolainika kwa joto. Fundi aliviweka katika tanuri lake maalumu, joto likiwa karibu digrii 80, kwa dakika chache tu. Kisha akamvalisha mtoto vikiwa vya moto, akavuta kamba kuelekea pembeni, si juu, kusudi matundu yasing'oke. Kwa robo saa mtoto alikaa kitini bila kusimama wala kutembea, huku buti likipoa na kushika umbo la mguu wake. Baadaye, pale penye chaki, fundi alipasha tena joto kidogo, akapasukuma kwa chombo cha chuma toka ndani, hata mfupa ukapata nyumba yake. Akatuagiza viatu vikae siku nzima kabla ya kuingia barafuni. Wala mtu asijaribu kazi hii nyumbani juu ya jiko; gundi huachia, na si kila kiatu kimetengenezwa kwa kupashwa moto.

Kisha akanoa. Ubapa huo haunolewi kama panga. Jiwe la mviringo huchimba mfereji mwembamba katikati, na kila upande hubaki ukingo mkali. Kina cha mfereji hupimwa kwa duara. Kipimo kilichozoeleka ni nusu inchi, yaani karibu milimita 13. Mfereji wa kina hushika barafu sana; ule usio na kina huteleza kwa urahisi zaidi. Hapo pia hufuatwa mwili wa mtu, uzito wake na uzoefu wake.

Yuko mwingine atakayeuliza: kwa nini tusiagize viatu vya kupimwa toka mwanzo mpaka mwisho, kama vile vya Winnipeg? Kwa mtu mzima ambaye mguu wake umekwisha kukua, au mwenye mguu wa umbo lisilo la kawaida, huo ni msaada mkubwa. Lakini mtoto hubadili viatu pengine kila msimu. Kumpa kilicho sahihi si lazima kumpa kilicho ghali.

Lakini vijana wenziwe walikuwa na shauri lao. Walimwambia kwamba hodari huvaa viatu vya kubana hata viume. Ni kweli kwamba Paul Coffey, beki mwenye mbio ya ajabu, alijulikana kwa viatu vidogo kuliko mguu wake, na kwamba Bobby Orr wa Boston alivaa vyake bila soksi. Lakini hao walikuwa watu wazima wenye kujua miguu yao, nao walichagua wenyewe. Mtoto anayevumilia ili asionekane dhaifu, au ili asiwatie wazazi hasara, hajachagua kitu, amenyamaza tu. Sisi walimu twakijua kimya hicho darasani. Mtoto aliyelelewa kwa heshima hujibu «ndiyo, Mwalimu» kabla hajafahamu somo. Heshima ni kitu chema. Lakini tukiuliza maswali ambayo jibu lake ni «ndiyo» tu, twapata heshima bila ukweli.

Mwaka uliofuata viatu vilikuwa vidogo, na binti yetu, mdogo wake, alivitazama kwa hamu. Tulimpeleka kwa mzee yule. Alimpima, akatikisa kichwa. Urefu ulimfaa, lakini mguu wake mwembamba uliogelea ndani ya umbo la kaka yake. Alisema joto laweza kupanua mahali panapobana, lakini haliwezi kulirudisha buti pana liwe jembamba. Basi tuliviuza, na kwa fedha hizo tukamnunulia binti vingine vilivyotumika, vyembamba. Alivivaa, akaweka kidole hapa na pale bila kuulizwa mara mbili, maana kaka yake alikwisha kumfundisha.

Wazazi wapenzi, wengi wenu hamtanunua kamwe kiatu cha barafu. Lakini mtanunua viatu vya shule na vya kandanda. Basi, mpelekeni mtoto mwenyewe dukani, msichukue kipimo cha uzi mfukoni. Nendeni jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana. Mpimeni akiwa amesimama, miguu yote miwili, na mfuate ule mkubwa. Mwache atembee. Kisha msimwulize kama kiatu ni kizuri, kwa sababu atasema ni kizuri. Mwambieni aweke kidole mahali anapokisikia, nanyi mngoje hata akinyamaza kwanza. Na kama kipo kitu anachowaficha kwa kuwahurumia, kitatoka hapo.