Ulishika Wapi?

Niko Yeoville. Wengi mkisikia mtu anasoma uhandisi wa ndege mnafikiri anashinda na maboeing. Wapi! Mimi Julai nzima nilikuwa chini ya mkia wa Cessna 172 ya mtu binafsi, nimepiga magoti kwenye saruji ya baridi, natikisa kipande cha bati.

Kipande hicho kinaitwa trimu. Kimefungwa kwenye eleveta ya kulia, na kazi yake ni kumpunguzia rubani taabu ya kuvuta au kusukuma usukani safari nzima. Mwenye ndege, mzee mstaafu, alilalamika kwamba akiongeza mwendo usukani unatetemeka mkononi. Karakana ninakofanya mazoezi wakaniambia nipime, niandike. Nikatikisa trimu, ikacheza. Nikachungulia bawaba yake, ile ndefu yenye sindano katikati, nikaona unga mweusi. Nikaandika: bawaba imekwisha, ibadilishwe. Mzee akatajiwa bei, akakubali. Jumamosi alitaka kuruka na wajukuu wake wawili.

Jioni nikapita sokoni Rockey Street kununua sombe, nikarudi nyumbani. Mlinzi wa jengo letu ni Papa mmoja wa Goma. Kwao alikuwa fundi wa ndege ndogo. Hapa analinda geti, maana vyeti vyake hakuna aliyevitambua. (Hilo nitaliandikia siku nyingine, nina hasira nalo.) Nikamsimulia kazi yangu, kwa majivuno kidogo. Akauliza:

"Mtoto wangu, ulishika wapi?"

Nikasema ukingo wa nyuma wa trimu.

"Na mkono ingine?"

Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, bwana. Si nimesema kulikuwa na baridi?

Akanivuta hadi getini. Geti letu likitikiswa linagonga, na mwenye nyumba ameshabadilisha bawaba mara mbili. Papa akaweka kidole kwenye komeo, akatikisa. Komeo ndilo lililokuwa likicheza tunduni. Hakusema neno, akarudi kwenye kiti chake.

Usiku ule sikulala vizuri. Trimu iliyolegea ikikutana na upepo wa kasi inaweza kuanza kupigapiga yenyewe, juu na chini, mara nyingi kwa sekunde moja, mpaka kitu kivunjike. Tarehe 16 Septemba 2011 huko Reno, Marekani, ndege ya mashindano aina ya P-51 iliyofanyiwa marekebisho ilianguka kwenye eneo la watazamaji. Rubani alikufa, na watu 10 waliokuwa chini. Wachunguzi walikuta nati kuukuu zilizochakaa, zikaachia skrubu za trimu zilegee. Nati, jamani.

Asubuhi nikapanda teksi ya kwanza. Nikamwomba mwenzangu aishike eleveta isisogee hata kidogo. Nikaweka vidole kwenye bawaba, mwenzangu wa pili akatikisa trimu: tuli kabisa. Nikahamia kwenye kifimbo kinachoisukuma: boliti inahema ndani ya tundu lake. Nikakifuata kifimbo hadi kwenye skrubu iliyo ndani ya mkia, nayo inaingia na kutoka. Nikapima jumla, ikapita kiwango cha kitabu. Ule unga mweusi ulikuwepo kweli, ila haukuwa ugonjwa. Tungebadilisha bawaba, trimu ingeendelea kucheza, na sahihi yangu ingekuwa pale.

Kwenda kumwambia msimamizi "jana nilikosea" ndiyo sehemu ngumu. Una miaka 30, una digrii, uko nchi ya watu, na unajua wapo wanaosubiri ukosee. Alisoma karatasi yangu mpya mara mbili, kisha akaenda kutikisa mwenyewe. Mzee alipopigiwa simu alifoka, wajukuu walishafunga mabegi. Kifaa kilichukua wiki tatu kufika.

Ile boliti ya zamani nilimpelekea Papa. Akaigeuza kwenye mwanga wa taa ya geti, akapitisha ukucha pale ilipolika, akauliza kama naweza kumwachia.